Muuza Duka Mwenye Kigugumizi: Niliyoyasema Jumamosi Kuhusu Ubashiri Wetu wa Sizoni za Kikorea

Haya, kwa wale mliokosa kikao chetu cha Jumamosi pale ukumbini, mliosema mnakuja na hamkuja (najua nawasema nani), hii hapa nilivyoongea. Mdogo wangu alirekodi kwenye simu akanisaidia kuandika, nimeacha hivyohivyo, picha za ukutani nimeruka maana bila ukuta hazina maana. Kama hujaangalia Beyond Evil, Secret Forest na Signal na hutaki spoila basi ishia hapahapa, usije kunilaumu inbox.

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, mambo vipi. Mama Rehema sogea hapa mbele viti vipo, usikae mlangoni kama mdai.

Mimi sio mwalimu wa filamu, Korea sijafika, hata pasipoti sina. Mimi ni msusi. Wengi wenu humu vichwa vyenu vimepita mikononi kwangu na mnaijua saluni yangu, tivii moja, flash moja, sheria moja, aliyekaa kitini ndiye anachagua sizoni. Sasa mabutu ni nusu saa, twende kilioni ni saa moja na nusu, lakini rasta ndogo za kufika kiunoni ni masaa saba, na masaa saba kwa Mkorea ni episodi sita, kwahiyo unanyanyuka shingo inauma, kichwa kinawaka moto, na muuaji bado hajajulikana. Unafanyaje? Si unabashiri! Unaenda nyumbani unabashiri, unakoroga uji unabashiri, unarudi wiki ya pili kuosha nywele kumbe nywele hazijachafuka, umekuja kuendelea na episodi ya saba.

Na hivyo ndivyo wenyewe wanavyoangalia, msione ajabu. Beyond Evil kule kwao ilirushwa na kituo cha tivii cha JTBC kuanzia tarehe 19 Februari mpaka 10 Aprili 2021, episodi 16, mbili kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi usiku. Mkorea akimaliza ya Jumamosi ana siku sita za kuchemka. Sisi flash inakuja na zote 16 zimejipanga kama mikate, ukitaka unamaliza kwa siku mbili hujabashiri hata mara moja, na mimi nasema huyo hajaangalia, huyo kameza. Saluni ndio inaturudishia ile wiki.

Sasa nimekuja na swali moja tu leo. Kwanini tunakosea? Tumeangalia sizoni ngapi jamani, tumebashiri mara ngapi, na kwanini kila mara tunakosea?

Tuanze Manyang, kwenye Beyond Evil. Manyang ni kamji ka kutungwa, wote wanajuana, jioni wanakutana kwenye bucha ya dada mmoja anaitwa Jae-i, wanachoma nyama wanakunywa. Mwaka 2000 binti wa miaka 20, Lee Yu-yeon, anapotea usiku, asubuhi uani kwao zinakutwa ncha za vidole kumi, zimepangwa. Mwili hakuna. Anakamatwa pacha wake, Lee Dong-sik, anaachiwa, ila mji umeshamtia alama. Anakua, anakuwa polisi hukohuko. Miaka ishirini inapita, anapotea Min-jung, binti wa mwenye duka, na ncha za vidole zinakutwa zimepangwa nje ya duka la baba yake.

Haya niambieni, mlimshika nani?

(Ukumbi mzima: Dong-sik!)

Dong-sik. Wote Dong-sik. Na mimi pia Dong-sik, sijifichi. Kwasababu gani? Kile kicheko! Yule mchezaji Shin Ha-kyun anacheka mdomo umeenda huku macho yamebaki kule, unasema huyu mtu kapotelewa na dada yake anacheka hivi, huyu ndiye. Halafu mapema kabisa wanatuonyesha kwa macho yetu, Dong-sik mwenyewe, usiku, anazipanga zile ncha moja moja taratibu kama mtu anapanga vikombe kabatini. Siku hiyo nilikuwa nimeshika jagi la maji ya moto nachovya ncha za rasta za mteja, nikasahau, maji yakamwagika kwenye kanga, na yule dada kanyanyuka nusu kichwa kimesukwa nusu afro anapiga kelele nilisema mimi, nilisema mimi!

Kulikuwa na mama mmoja tu pale. Mama Zainabu, anauza nyanya sokoni, alikuwa kakaa kwenye benchi anasubiri zamu hata hakuwa anaangalia sana, anachambua dagaa. Akasema, "Muuza duka." Tukamcheka. Muuza duka yupi mama, yule baba wa watu mwenye kigugumizi, mtoto wake ndio kapotea, analia, anagawa picha za mwanae barabarani? Mama Zainabu hakunyanyua hata kichwa. Akasema, "Muuza duka ndio anajua nani katoka saa ngapi, karudi na nani, nani anapita peke yake kalewa. Mtaani kwangu kukiibiwa naenda kumuuliza muuza duka, asiponijibu vizuri namuangalia yeye."

Jamani. Kang Jin-mook. Kabla hata sizoni haijafika nusu tukajua ni Kang Jin-mook, mwenye duka, kaka wa wote, mpole wa wote, mtu ambaye hata Dong-sik alikuwa anakula naye bucha moja. Mkewe alimkimbia, na tangu hapo wanawake wa ule mji wakawa wanapotea mmoja mmoja.

Mnaona tulichofanya? Tuliangalia sura. Sisi tuliangalia sura na mama Zainabu aliangalia kazi. Dong-sik ana sura ya muuaji na Jin-mook ana sura ya kuonewa huruma, tukagawa mashtaka kwa sura. Na waandishi wanajua tunaangalia sura! Kim Su-jin aliyeandika ile tamthilia anajua kabisa, ndio maana kampa mmoja kicheko na mwingine kigugumizi, akakaa pembeni anatuangalia tunavyohangaika, na Baeksang ya 2021, zile tuzo kubwa za Korea, wakampa tuzo ya mwandishi, na tamthilia yenyewe ikachukua, na Shin Ha-kyun kwa kile kicheko chake akachukua ya muigizaji bora. Stahili yao.

Maji tafadhali. Asante mwanangu.

Haya, Secret Forest, wengine mnaiita Stranger, ya 2017. Hii nitaenda haraka kidogo maana najua nusu yenu iliwashinda episodi ya pili, maneno mengi, suti nyingi, kila mtu anaitwa mwendesha mashtaka. Lakini waliovumilia! Steringi ni Hwang Si-mok, mwendesha mashtaka, alifanyiwa upasuaji wa ubongo utotoni sasa hisia hana, hacheki, halii, hakasiriki. Anauawa mfanyabiashara Park Moo-sung aliyekuwa anawahonga wakubwa. Kuna binti anakutwa kachomwa kisu hajafa, na akizinduka anachokumbuka ni sifuri na saba. Sifuri, saba.

Mnakumbuka ile wiki? Mlikuwa mnaniletea namba! Dada mmoja, yupo humu simtaji, alikuja na daftari, kaandika kila mlango wenye saba, kila gari lenye sifuri, saa za ukutani, mpaka namba ya chumba cha hospitali. Mwingine akasema muuaji ni Si-mok mwenyewe, anaumwa kichwa anaanguka, basi akianguka anaua na akiamka hakumbuki. Nikaona hii kali, nikaisambaza mimi mwenyewe, nikawaambia wateja kama kumi.

Kumbe sifuri na saba ni tattoo. Mchoro kwenye mwili wa mtu, binti aliuona nusunusu kwenye hali ile. Na mwenye mwili ni Yoon Se-won, yule yule kaka wa ofisini kwa Si-mok, mpole, anabeba mafaili, anawaletea taarifa, tumekaa naye sizoni nzima hatujamuuliza hata jina. Mtoto wake mdogo alikufa kwenye ajali ya basi la watoto, na nyuma ya lile basi kulikuwa na rushwa, na nyuma ya rushwa kulikuwa na Park Moo-sung.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Sisi tulitafuta namba. Namba ilikuwepo, ilikuwa kweli, lakini ukiwa na namba bila sababu utazunguka nchi nzima unahesabu milango. Ungeuliza tu, katika hawa watu wa ofisini, nani kapoteza kitu kisichorudi? Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tunamtafuta mwenye chuki kumbe tulitakiwa kumtafuta mwenye msiba.

Na aliyekuwa nyuma yake? Lee Chang-joon, bosi, mkwe wa tajiri, mtu tuliyemchukia kuanzia episodi ya kwanza. Yeye ndiye aliyeupanga mchezo mzima ili uozo wa wakubwa uanikwe, pamoja na uozo wake mwenyewe, akamaliza akajirusha kutoka ghorofani. Nililia. Halafu nikajikasirikia kwa kulia, maana watu walishakufa, yule bosi alikuwa na mdomo angeweza kusema tu. Mnaweza kubisha, tutabishana baadae kwenye chai.

Sasa turudi Manyang, maana Manyang haijaisha na hapa ndipo utamu ulipo.

Jin-mook kakamatwa, tuko katikati tu ya sizoni. Wangapi mlisema sasa episodi nane zilizobaki ni za nini? Nyoosheni mikono msiogope. Ehee. Mimi nilitaka kubadilisha flash. Jin-mook anakufa mahabusu, na anamwachia Dong-sik ujumbe, kwa ufupi anasema aliyemuua Yu-yeon siye yeye, yeye alimrudisha kwao.

Kumrudisha wapi? Mwili haujawahi kuonekana! Dong-sik anashuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe, anaupiga ukuta, anauvunja. Dada yake yuko ndani ya ukuta. Miaka ishirini kamtafuta porini, kwenye matete, mtoni, kaacha maisha, na miaka yote alikuwa naye nyumba moja. Siku hiyo saluni hakuna aliyeongea. Kuna mteja alikuwa anakaushwa nywele, nikazima ile mashine, akakaa tu na kofia yake ya plastiki kichwani.

Sasa nani kamuua Yu-yeon? Hapa mwandishi anatufungulia taratibu sana. Yule binti alimtoroka Jin-mook akiwa hai, kajeruhiwa vile vidole, kafika barabarani usiku, akagongwa na gari. Dereva kalewa. Dereva ni Han Ki-hwan, polisi, mtu anayepanda vyeo, miaka ishirini baadae ndio anataka kukalia kiti cha mkuu wa polisi wa nchi. Park Jeong-je, rafiki wa Dong-sik wa damu, naye alipita na gari palepale usiku uleule, akabaki anaamini kaua yeye. Mama yake Jeong-je ni diwani, kafunika ili mwanae asipotee. Na kuna mfanyabiashara Lee Chang-jin anataka miradi yake ya ujenzi, akasaidia kufunika kwasababu siri ya mkubwa ni mtaji.

Hesabuni na mimi. Mmoja analinda cheo. Mmoja analinda mtoto. Mmoja analinda biashara. Nani kati yao alimchukia Yu-yeon? Hakuna! Nani aliyekuwa na ugomvi nae? Hakuna! Pengine hata jina lake hawakulijua vizuri usiku ule. Binti wa watu kawekwa ukutani miaka ishirini na hakuna mtu hata mmoja katika wale watatu aliyekuwa na kinyongo nae.

Ndio maana tunakosea jamani. Sisi tukikaa kubashiri tunauliza, nani alimchukia marehemu? Tunatafuta wivu, tunatafuta mchepuko, tunatafuta mirathi. Tungeuliza, huyu mtu usiku ule alikuwa na nini mkononi ambacho hakutaka kidondoke? Mimi siku hizi nikiangalia nafanya hivyo. Kila mchezaji akitokea najiuliza, wewe baba, wewe mama, una nini mkononi?

Na hata wazuri wanacho. Kijana wetu Han Joo-won, yule polisi mtanashati aliyeigizwa na Yeo Jin-goo, aliyekuja Manyang kumchimba Dong-sik. Msafi, anapenda haki, si ndio? Anaficha nini? Alimtumia mwanamke mmoja asiye na vibali vya kuishi kule, Lee Geum-hwa, kama chambo cha kumnasa muuaji, kienyeji bila ruhusa, na yule mama akaishia kuwa maiti kwenye matete. Kijana akanyamaza. Anamfokea Dong-sik useme ukweli, useme ukweli, na yeye wa kwake kaufungia mfukoni. Halafu siku anagundua dereva mlevi wa mwaka 2000 ni baba yake mzazi. Baba yake! Wengine mlibashiri atamfunika baba yake. Hakumfunika, na mimi nadhani asingekuwa na ule mzigo wa Lee Geum-hwa pengine angemfunika. Hilo ni la kwangu, sina ushahidi.

Sasa kuna jambo nataka kusema ambalo sio la kuchekesha, mtanisamehe.

Signal, ya 2016, ile ya redio ya upepo inayowaka saa 5:23 usiku, polisi wa sasa anaongea na polisi wa zamani. Ile kesi yao ya wanawake wanaouawa kijijini, muuaji akatokea kuwa kijana, na baba yake dereva wa basi ndiye alikuwa anamlinda. Tena mzazi, mnaona. Lakini ile kesi ilichukuliwa kwenye kesi ya kweli. Hwaseong, hukohuko Korea, kati ya 1986 na 1991 wanawake na mabinti kumi waliuawa kule. Wakati Signal inarushwa aliyefanya alikuwa bado hajajulikana, kwahiyo nchi nzima ilikuwa inabashiri, sio sizoni, maisha ya watu.

Na polisi nao walibashiri. Walijiaminisha muuaji ana damu ya grupu B. Kulikuwa na mtu anaitwa Lee Choon-jae, walishawahi kumhoji, damu yake ni O, wakamwacha. Sio B, nenda zako. Akaja kumuua shemeji yake mwaka 1994 akafungwa maisha kwa hilo, yuko jela anakula anashiba, na hakuna anayejua kuwa ndiye. Mpaka 2019 vipimo vya DNA vikamtaja, akakiri mauaji 14. Na kumshtaki kwa yale ya Hwaseong haikuwezekana, maana sheria yao ya zamani iliweka ukomo wa miaka 15 kwa kesi ya mauaji na ilishapita tangu 2006. Ukomo huo waliufuta 2015, umechelewa.

Mnadhani nimemaliza? Moja katika yale mauaji walishampata "mwenyewe" zamani. Kijana wa miaka 22, mguu una ulemavu wa polio, fundi wa mashine za kilimo. Akasema alipigwa, alinyimwa usingizi mpaka akakubali. Kakaa ndani miaka 20. Mahakama ya Suwon ikamsafisha Desemba 2020, akiwa na miaka hamsini na kitu.

Mimi nilipoisoma hiyo nilikumbuka nilivyowasambazia wateja kumi kwamba muuaji ni Si-mok kwasababu anaumwa kichwa. Kumi! Na nilikuwa na uhakika kabisa, ningeulizwa ningeapa.

Haya, swali la mwisho halafu chai. Dada kule nyuma, umenyoosha siku nyingi.

(Dada akauliza: je Dong-sik naye ana kosa?)

Asante kwa kuuliza, maana nilikuwa naliogopa hili. Zile ncha za vidole vya Min-jung, mnakumbuka tulimuona anazipanga. Jin-mook ndiye aliyezitupa nyumbani kwa Dong-sik, na Dong-sik badala ya kwenda kutoa taarifa akazichukua akaenda kuzipanga dukani kwa Jin-mook mwenyewe, ili amtikise, ampeleke alipo Min-jung, aipate na njia ya kumfikia dada yake. Mtoto wa watu, yeye akamfanya mtego. Nia nzuri? Nzuri sana. Kosa? Kosa. Na mwenyewe mwishoni anamwambia Joo-won, nikamate. Anamnyooshea mikono.

Kwahiyo mnaonaje, angeenda kituoni siku ileile, kituo kilekile ambacho miaka ishirini nyuma kilimfanyia yale, kingemsikiliza? Wangapi mnasema angeenda? Wangapi mnasema asingeenda?

(Hapa rekodi imejaa kelele, haisikiki vizuri. Upande wa dirishani wengi walisema asingeenda, upande wa mlangoni wakasema sheria ni sheria, kaka mmoja akasimama juu ya kiti. Mama Zainabu akasema yeye haongelei Dong-sik, anaongelea mama yake Min-jung, kwanini hakuna aliyemuulizia huyo mama tangu asubuhi, alikimbia kweli au nani kasema alikimbia, si muuza duka ndiye aliyesema? Tukakaa kimya. Halafu mlinzi wa ukumbi akaja kudai funguo, tukahamia kwenye chai hukohuko nje tumesimama, na mpaka saa mbili usiku mama Zainabu alikuwa bado anabishana na yule kaka, kapu la nyanya liko chini miguuni.)